Kifyatulio cha Baba Mkwe

Sifa zote ni zako, Mungu Baba, uliyenipa macho ambayo hata leo, kwa msaada wa miwani, yanaliona tundu la sindano, na mikono ambayo bado haijatetemeka sana. Nakushukuru kwa chakula cha jana na kwa pumzi ya asubuhi hii. Nakushukuru pia kwa aibu uliyoniachia, maana bila hiyo ningezeeka na majivuno. Sasa nisaidie niseme kweli. Nisijipunguzie kosa, wala nisijiongezee ili nionekane mnyenyekevu.

Katika miaka ya mwanzo ya hamsini nilikuwa fundi kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini Shinyanga. Nilitengeneza cherehani, baiskeli na taa za karabai. Kwa kuwa mwenye duka alikuwa na leseni ya kuuza risasi na baruti, bunduki nazo zilikuja pale. Kazi ya bunduki nilifundishwa na mzee mmoja Mwislamu kutoka Ujiji, ambaye alikuwa ametangulia kwenye baraza lile miaka mingi kabla yangu. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nimelelewa misheni, na jumapili nilikuwa nafundisha katekisimu. Yeye alikuwa akitandika mkeka wake nyuma ya pipa la mafuta ya taa na kuswali. Hatukuwahi kugombana juu ya Mungu. Tuligombana juu ya tupa zake, ambazo sikuzifuta vizuri.

Mzee huyo alikuwa na sharti moja kwa kila bunduki iliyopita mikononi mwetu. Baada ya wiki mbili lazima irudi, na lazima mwenyewe aje nayo. Hakumpokea mjumbe. Mwenyewe akifika, kabla hajaigusa, alimwuliza neno moja: "Imelala wapi?" Alitaka kujua kama ilikaa chini penye unyevu, au ndani ya gunia la chumvi, au uvunguni pamoja na kuku. Alisema bunduki haiharibiki ikiwa kazini, inaharibika ikiwa imelala.

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nayaiga kwa sauti yake ili kuwachekesha wenye maduka ya jirani.

Mke wangu alitoka Samuye. Baba yake alikuwa mtu mrefu, mkulima wa pamba na mtama, mwenye ng'ombe wa kutosha. Ujanani alikaa Nyarugusu miaka kadhaa, akiwawindia nyama wachimbaji wa Mzungu mmoja mtafuta dhahabu. Huko jiwe lilimwangukia mkononi, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikavunjika kikaunga vibaya. Mzungu yule alipofunga kambi na kurudi kwao alimwachia bunduki yake, bunduki halisi ya risasi, si gobore, na Boma wakampa kibali cha kulinda mashamba na mifugo. Pamoja na bunduki alimwachia kisanduku kidogo cha karatasi ngumu kilichokuja kwa posta kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na kifyatulio kipya, yaani kile chuma unachokivuta kwa kidole bunduki ilie, pamoja na mtambo wake mdogo wote: springi mbili, skrubu mbili na jino la kushikia pini, ile inayogonga risasi. Mzungu alikiagiza kwa ajili yake mwenyewe, hakuwahi kukifunga.

Baba mkwe alikihitaji kweli. Kifyatulio cha zamani kilikuwa kizito, na kwa kidole chake kile kilichopinda alilazimika kuvuta kwa nguvu za mkono mzima, hivyo mtutu ukahama kulia kila mara. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mtama wake huku yeye akipiga vumbi.

Lazima niseme jambo jingine juu yake, maana bila hilo majuto yangu hayataeleweka. Baba mkwe alikuwa mchezaji ngoma. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma yaliposhindana, watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumwona akiongoza kundi lake. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini aliruka juu kama mwana mbuzi, akatua kwa mguu mmoja, akasimama kimya mpaka umati upige kelele. Mimi nilikuwa kijana wa dini, mkali. Niliona kwenye ngoma zile dawa na hirizi tu. Katika kila rozari niliyosali nilitoa fungu moja kwa nia hii: Bwana, mwachishe baba mkwe wangu ngoma.

Alikuja dukani siku moja ya soko pamoja na mwanawe mkubwa, shemeji yangu. Hapa nieleze desturi. Kwa Wasukuma, na kwetu Wasumbwa pia ingawa si kwa ukali ule, mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe ukimwona njiani unaacha njia mpaka apite. Baba mkwe unamsalimu umeinama, unajibu akikuuliza, na kama una neno zito unamtuma mtu. Naye akiwa na neno zito nawe, anamtuma mtu vilevile.

Basi nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba," kisha akamgeukia mwanawe, nami nimesimama hatua mbili tu kutoka kwao.

"Mwambie mkwe wangu Mzungu alisema chuma hiki ukikivuta ni laini kama sikio la mbuzi."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, baba anasema chuma hiki ukikivuta ni laini kama..."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikwambie mimi," alisema shemeji. "Sikutembea kutoka Samuye kuja kusimama bure."

Mzee wangu wa Ujiji alicheka mpaka akakohoa. Baba mkwe naye alitabasamu, lakini akaangalia pembeni ili nisione.

Kazi ile ilinichukua siku tatu. Siku ya kwanza kifyatulio kilikataa kuingia. Mtambo mpya ulikuwa mnene kuliko wa zamani na shimo la kwenye mti wa bunduki halikuutosha. Nilichukua masizi ya koroboi, nikaupaka mtambo, nikaubana mahali pake, kisha nikautoa nikaangalia wapi mti umeshika weusi. Hapo ndipo nilipochonga, kidogo kidogo, nikapaka tena, nikachonga tena. Siku ya pili ukaingia, lakini ukaleta ugonjwa mwingine. Nilipofunga bolti, ile fimbo ya chuma inayosukuma risasi ndani, jino halikushika pini. Pini ikateleza mbele nayo kama mlango usio na komeo. Nilidhani jino ni bovu. Mzee akanizuia nisiliguse kwa tupa. "Jino la watu limetoka kiwandani," alisema, "kibovu hapa ni chako." Kweli, kipande cha mti kilikuwa bado kinakisukuma kifyatulio kwa nyuma, unene wa ukucha tu. Nilipokiondoa, jino likashika.

Siku ya tatu nilirekebisha uzito. Skrubu moja ilikuwa ya kukaza springi, nyingine ya kupima jino lishike kina gani. Nilimwonea huruma baba mkwe kwa kidole chake, nikakilegeza kifyatulio kikawa chepesi sana. Kisha nikakijaribu bila risasi. Nilifunga bolti polepole, nikaifunga kwa kasi, nikagonga kitako juu ya gunia la pamba, nikagonga tena na tena mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekosana na gunia lake. Pini haikutoroka hata mara moja.

Karatasi iliyokuja na kisanduku ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha misheni, cha kuombea ruhusa ya kutoka darasani. Lakini nilielewa kwamba baada ya kupima, skrubu zizibwe kwa rangi ngumu zisije zikazunguka zenyewe. Rangi ya namna hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia vifurushi vya posta. Niliiyeyusha kwa kiberiti, nikadondosha tone juu ya kila skrubu, ikaganda ikang'aa. Nilijisifu moyoni. Mzee aliitazama akasema, "Inapendeza. Atarudi nayo lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Mwenyewe?"

Nikasema mwenyewe. Lakini nilijua hapo hapo kwamba sitamwambia baba mkwe rudi, kana kwamba ni mteja. Nilimwambia shemeji alipokuja kuichukua, na nilimwambia kwa kuzungukazunguka: kama baba atapata nafasi, si lazima, akipita mjini.

Wiki mbili zikapita. Alikuja shemeji na jogoo mwekundu wa shukrani. "Baba anasema bunduki ni nzuri mno. Nguruwe wawili kwa risasi mbili. Anasema angekupa binti mwingine, ila wamekwisha."

Nilicheka, nikampokea jogoo. Bunduki haikuja, nami sikuiulizia. Mzee wa Ujiji aliniangalia akaendelea na cherehani yake.

Mwezi mmoja baadaye mke wangu alikwenda kwao kumsalimia mama yake, akakaa siku nne. Aliporudi niliona ana neno, kwa sababu alianza kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa.

"Baba watoto," alisema, "ile bunduki ililia yenyewe."

"Ililia vipi?"

"Baba alikuwa uani anaifunga tu. Hakuvuta kitu. Ikalia, ikatoboa ghala la mtama. Kuku walitawanyika mpaka leo wengine hawajaonekana."

"Yeye alisemaje?"

"Baba hakusema. Aliziba tundu kwa udongo kabla mimi sijafika. Mama ndiye aliyeniambia, na akaniapisha nisikuambie." Akapepeta tena. "Sasa nimekuambia. Utafanya nini?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipokuwa saa yangu. Nilijua, kama fundi, kwamba bunduki inayolia ikifungwa ni jino lisiloshika sawasawa, na kwamba ikishafanya mara moja itafanya tena. Samuye si mbali. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta, nami mwenyewe ndiye niliyeziba pancha zake. Ningeweza kuwa uani kwake kabla jua halijawa kali.

Lakini nilianza kuhesabu aibu. Nikienda na kusema nimesikia, atajua mama mkwe ametoa siri. Nikisema nataka kuiangalia tu, atajua nadanganya. Na nikimwuliza ana kwa ana, nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu wa nyumba yake. Hizo ndizo sababu nilizompa mke wangu. Ile ambayo sikumpa ni kwamba nilikuwa mkwe fundi, mkwe aliyesifiwa Samuye nzima kwa nguruwe wawili kwa risasi mbili, na sikutaka kusimama kwenye ule ua nikitazama kiraka cha udongo kwenye ghala.

Nikamtuma shemeji. Nilimwambia amwambie baba kwamba ni kawaida ya mafundi kuitia mafuta bunduki baada ya muda, basi ailete au ampe yeye ailete. Jibu likaja baada ya siku tatu.

"Baba anasema usihangaike. Anasema bunduki haina neno lolote, ni nzuri kama ulivyoifanya. Ataileta baada ya mavuno."

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nilimwuliza.

Shemeji akakuna shingo. Safari hii hakuleta mzaha. "Mimi ni mdomo tu, shemeji. Mnataka mdomo uone?"

Jumapili iliyofuata nilipanda baiskeli nikaenda kufundisha katekisimu, upande ambao si wa Samuye. Niliwafundisha watoto amri ya nne, waheshimu baba na mama. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Jioni tulisali rozari, na katika fungu langu la siku zote niliomba baba mkwe aache ngoma.

Ilitokea asubuhi, siku ya jumatano, mtama ukiwa umekaribia kukatwa. Nguruwe waliingia shambani na watoto wakapiga kelele. Baba mkwe alitoka na bunduki, akasimama kwenye tuta, mtutu ukitazama chini kama wawindaji wa Nyarugusu walivyomfundisha, ili asimdhuru mtu. Akaweka risasi, akafunga bolti. Bunduki ikalia. Risasi ikapita kwenye mguu wake wa kushoto.

Walimleta mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Shemeji alitangulia kwa baiskeli, na nilipomwona anashuka kabla baiskeli haijasimama nilijua. Hakusema "baba anasema". Alisema, "Njoo."

Hospitali waliokoa maisha yake, Mungu asifiwe, na waliokoa kisigino. Vidole vitatu na upande mzima wa unyayo havikuokolewa.

Polisi waliileta bunduki pale barazani ili ikaguliwe, maana hapakuwa na mahali pengine mjini pa kuikagua. Niliifungua mbele ya sajini na mbele ya mzee wangu. Mtambo ulikuwa umejaa uji mweusi, mzito kama lami. Niliunusa. Ulikuwa samli na moshi. Lakiri niliyojisifia ilikuwa imeyeyuka na kutiririka ikaacha mstari mwekundu pembeni, na skrubu ya jino ilikuwa imezunguka karibu nusu. Springi ya kifyatulio ilizama ndani ya ule uji. Niliisukuma kwa kidole ikarudi kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu.

Mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ililala wapi?"

"Juu ya jiko," nikasema.

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Katika nyumba zote za kule kitu cha thamani kinatundikwa darini juu ya moto. Mbegu, ngozi, mpini mpya wa jembe, vyote vinapata moshi ili mchwa na wadudu wasivile. Nyumba ya mama yangu Ushirombo ilikuwa hivyo hivyo. Na chuma kinapakwa samli, kwa sababu samli ndiyo mafuta yaliyopo. Mtu mwenye bunduki nzuri, anayeipenda, ataifanyia nini zaidi ya kuipaka samli na kuitundika juu ya jiko?

"Nyumba zote hufanya hivyo," nilimjibu.

"Kumbe ulijua," alisema mzee. Akachukua mkeka wake, maana adhuhuri ilikuwa imefika.

Sajini aliniambia mgonjwa amekwisha kutoa maelezo. Alikuwa amesema kidole chake kibovu kiliteleza kikavuta kifyatulio. Yaani alikuwa amelala na mguu umefungwa bendeji, na bado alinifichia. Nilimwomba sajini aandike maneno yangu: kwamba kifyatulio nilikifunga mimi, nilikilegeza kupita kiasi, nilikiziba kwa kitu kisichofaa, na nilisikia kuwa kimeharibika nikakaa kimya. Aliandika polepole, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilipoulizwa na Boma nilirudia hayo hayo. Walinionya, wakaniachia. Mwenye duka aliniondoa kwenye kazi ya bunduki, nikabaki na cherehani, na hakunionea.

Siku ile ile nilikwenda hospitali. Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliponiona alivuta kanga usoni akatoka kwa mlango wa pili. Nilibaki na baba mkwe peke yetu. Hapakuwa na shemeji. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumtuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaangalia dirishani. Kisha akasema, bado akilitazama dirisha, "Mwambie mkwe wangu aketi."

Nikaangalia nyuma. Hakuna mtu. Nikaketi sakafuni.

"Baba, ni mimi niliyeharibu. Nilisikia ilipotoboa ghala. Nilisikia, sikuja."

"Nani alikuambia?"

Sikumtaja mama mkwe.

"Mama yake," alisema. "Nilijua atasema. Nilikuwa namngojea aseme." Sasa alinigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. "Nilingoja uje. Siku ya kwanza, ya pili. Ukamtuma huyu mdomo wangu na maneno ya mafuta. Nikasema moyoni, mkwe hataki nijue kuwa anajua. Nikimpelekea bunduki, atasemwa dukani, na binti yangu ataambiwa mumewe si fundi. Nikajibu haina neno."

"Ungeacha kuitumia, baba."

"Na ningewaambia nini watu? Kwamba bunduki ya mkwe wangu inaniogopesha?" Akacheka, na kucheka kukamuumiza, akashika paja. "Heshima yetu, mimi na wewe, imekula vidole vitatu. Tulikuwa na heshima nyingi mno."

Nililia. Hakunizuia. Nilipomaliza alisema, "Ulitaka kuniuliza nini, kama ungekuja?"

"Ningekuuliza bunduki imelala wapi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Ningekuambia juu ya jiko," alisema. "Ningekuambia kwa furaha. Nilikuwa nimeipakaza samli ya ng'ombe wangu mwenyewe, ile nzuri."

Alipotoka hospitali alitoa amri nyumbani kwake ambayo wazee wenzake walimcheka: mkwe wake huyu ataingia, atakaa naye kwenye ngozi moja, na maneno yao hayatachukuliwa na mtu wa tatu. Shemeji alidai fidia kwa kupoteza kazi. Basi kwa miaka iliyobaki tulikaa hivyo, tukazungumza juu ya ng'ombe, Nyarugusu, watoto, na mambo ya imani pia, kwa kuwa aliuliza mwenyewe. Ni neema kubwa, na ninamshukuru Mungu kwa kila jioni moja. Lakini siwezi kujidanganya kwamba nisingeipata bila ule mguu. Ningeipata kwa safari moja ya baiskeli.

Ngoma hakucheza tena. Mavuno ya mwaka uliofuata nilikwenda naye uwanjani, mimi niliyekuwa siendi. Kundi lake lilikuwa na kiongozi mpya, kijana hodari. Baba mkwe aliketi kwenye kigoda, fimbo mkononi, na ngoma ilipofika mahali pale ambapo yeye alikuwa akiruka na kutua kwa mguu mmoja, niliona paja lake la kushoto likikaza chini ya nguo. Watu walipiga kelele kwa ajili ya kijana yule. Yeye naye alipiga kelele, kuliko wote. Kisha akaniinamia akasema, "Anatua vibaya. Kisigino kwanza. Nitamwambia." Na akamwambia, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Nilikuwa nimeomba aache ngoma, na ameacha. Nilikwenda kwa padre nikamwuliza kama Mungu ndiye aliyenijibu kwa namna ile. Alisema Mungu hajibu kwa risasi, na kwamba nisimpe yeye kazi ya mkono wangu. Niliyakubali maneno hayo. Hata hivyo, tangu siku ile siombi tena mtu aondolewe kitu. Naomba apewe.

Kile kifyatulio nilikitoa mwenyewe, polisi waliponirudishia, na kile cha zamani nikakirudisha mahali pake. Baadaye shemeji akaitumia bunduki ile. Ilikuwa nzito kuvuta na ilipiga kulia, nayo haikumdhuru mtu. Cha ng'ambo ninacho mpaka leo ndani ya kopo la tumbaku, kimesafishwa, springi yake inarudi vizuri kabisa. Hakikuwa na kosa lolote. Mara nyingine wajukuu hunikuta nimekishika na huniuliza ni nini, nami huwaambia ni swali ambalo sikumwuliza babu yao mkubwa, na wao hudhani akili yangu imeanza kwenda.

Wewe uliyekaa na maneno haya mpaka hapa, Mungu akupe miguu ya kufika kwa mtu wako kabla siku haijapita, na akupe mdomo wako mwenyewe wa kumwuliza. Akulinde ukiwa kazini na ukiwa umelala, wewe na nyumba yako, na akuwekee karibu wale unaowaheshimu. Amina.